Nesi Aliyefuga Maji

Ukimsalimia Nesi, hakujibu kwanza. Alikushika mkono, akakagua kucha, akakuvuta kope la chini achungulie rangi yake, ndipo akaitikia, "Nagonile. Damu yako ndogo. Mchicha unakula wewe?" Hapo umesimama njiani na ndoo kichwani, watu wanapita wanacheka. Nimekaa jirani naye hapa Ndandalo tangu nilipoolewa, na sikumbuki siku niliyompa salamu nikaachiwa nipite kwa amani. Alikuwa amestaafu kitambo na zahanati ilikwisha kupata wauguzi wengine, vijana wenye adabu, lakini kwetu Nesi alikuwa mmoja tu. Hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Nitasema ukweli, alinichosha. Kuna watu unawapenda huku umeuma meno, na mimi hayo meno niliyauma mpaka taya likaniuma.

Neno lake kubwa lilikuwa, "Tumbo si ghala." Nilipojifungua Atupele, mtoto alilia mchana kutwa, na mama mkwe wangu akawa anamlambisha uji mwepesi kwa kidole, kisirisiri. Hakuwa na ubaya. Kwetu huku mtu halii njaa kwenye nyumba yenye chakula, ni aibu. Sijui Nesi aliambiwa na nani. Nadhani alinusa tu. Aliingia bila hodi.

"Nani kampa huyu mtoto uji?"

Mama mkwe akaficha kidole nyuma.

"Miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Hata maji hapana! Tumbo si ghala!"

Mama mkwe, aliyezaa na kulea watoto tele, alijifungia jikoni. Ugomvi wote nikaupokea mimi, niko kitandani na mshono. Nesi hakutoka mpaka mtoto aliponyonya akalala, kisha akanifunika vizuri na shuka, akaondoka bila kuaga. Nililia kwa hasira. Lakini Atupele hajawahi kuharisha utotoni mwake, na hilo nalo liliniudhi.

Sasa msikilize mtu huyohuyo. Nesi hakuweza kula peke yake. Ukipita kwake amekaa na sahani, utaitwa. Ukisema umeshiba, amekasirika. Msoma mita amekula pale, mlevi amekula, watu waliokuja kumdai mchango wa msiba wamekula kwanza ndipo wakadai. "Mtu akiniona natafuna naye hatafuni," alisema, akigusa koo, "chakula kinanikwama hapa." Nikamuuliza siku moja, sasa juba, mbona mabibi wenye uji uliwafokea? Sisi mama yetu tunamwita juba, naye alikuwa mama wa wote, atake asitake.

"Mtoto mchanga si mgeni," akasema. "Mtoto ni mwenye nyumba. Anaweza kungoja."

Akanisogezea sahani yake.

Uuguzi aliusomea pwani, Tanga, akiwa msichana, na kitu kimoja alichorudi nacho mbali na cheti ni bahari. Sisi tuna ziwa. Tuna Matema pale, watu wanatoka nchi za mbali kuja kulipiga picha. Nesi alilitazama akasema, "Zuri. Lakini haliachi kitu mdomoni." Alimaanisha chumvi. Kwamba ukisimama ufukweni kule pwani, ukienda zako, bado bahari iko kwenye midomo unailamba njia nzima. Hadithi hiyo nimeisikia nikipeta mchele, nikisuka nywele, nikiwa na homa.

Mtoto wake mmoja tu, binti, anafanya kazi Dar. Nesi alipoteleza kwenye ngazi ya jikoni akalala pale sakafuni mpaka mimi nilipokwenda kuomba kiberiti, binti akaanza: mama uhame, mama uje kwangu. Kila Jumapili baada ya kanisa simu inalia, na Nesi anaiweka sauti ya juu kwa sababu hakuamini kitu cha kubandikwa sikioni. Kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, njoo. Hiyo bahari unayoililia kila siku iko huku huku."

"Siililii. Naikumbuka."

"Uko peke yako huko. Ukianguka tena?"

"Nina nyumba yangu, nina migomba yangu, nina Mama Atu hapa. Nije nikae juu ya ghorofa nifanye nini?"

"Basi bahari haiwezi kuja Kyela, mama."

"Ikija?"

Binti akacheka. "Ikija, ikakaa hai mpaka nije Krismasi, sitakusumbua tena. Utakaa huko huko."

Nesi akanigeukia. "Mama Atu, umesikia alivyosema?"

Nilisikia. Laiti ningeziba masikio! Maana binti alikata simu akaenda zake, na mimi ndiye niliyebaki na mama yake.

Nesi aliwahi kung'olewa jino Dar, na kwa yule daktari wa meno palikuwa na sanduku la kioo lenye maji ya bahari na samaki wake. Basi. Kama daktari wa meno ameweza, Nesi atashindwaje? Pensheni yake ilikuwa ya kununua sukari na sabuni, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kupatikana kwa bei ya chini au bure, na njia ya bure ilipita mgongoni kwangu. Vioo vilikuwa mabaki ya fundi wa madirisha, Kyela mjini. Gundi nilitumwa Kasumulu, na nilipoleta nikaambiwa si yenyewe, hii ina dawa ya kuua ukungu, itaua samaki, rudi. Nikarudi. Pampu ndogo ya kupuliza hewa tuliipata huko huko mpakani, kwa mama mmoja anayevuka kila wiki na bidhaa za Malawi. Ilikuwa inanguruma usiku na mchana. Mara ya kwanza sanduku lilipojazwa maji ya kujaribia, lilifumuka pembeni likalowesha sare zote za kwaya alizokuwa amezitunza.

Meza ya kubeba uzito ule hakuwa nayo. Akakumbuka kitanda cha chuma cha kuzalishia, kile cha zamani ambacho zahanati ilikiuza kama chuma chakavu. Kilikuwa nyuma ya banda la jirani, kuku wanalala juu yake. "Nusu ya kata hii imezaliwa kwenye kitanda hiki," akasema, akikisugua. "Hakitashindwa na maji."

Na maji yenyewe? Chumvi ya kufugia samaki wa bahari ipo, inauzwa, na alipoambiwa bei yake alikaa chini. Lakini mchele wetu unakwenda Dar kila msimu kwa malori, na lori linarudi na nafasi. Dereva mmoja alizaliwa mikononi mwa Nesi. Akamwita.

"Wewe nilikushika miguu kabla mama yako hajakuona. Utaniletea madumu ya maji ya bahari, unayachota mbali na mji, penye maji safi."

"Maji, juba? Nibebe maji kutoka Dar nilete ziwani?"

"Umesikia."

Safari ya kwanza alileta maji ndani ya madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, yakamwagwa. Safari ya pili maji yalikuwa meupe, safi, yanapendeza. Nesi akalamba kidole. "Haya umechota njiani ukatia chumvi ya dukani." Dereva akaapa kwa Mungu na kwa mama yake. Nesi akaingia chumbani, akatoka na kile kichupa chembamba cha kioo kinachoelea, chenye mistari shingoni, akakitumbukiza. Kikiinuka sana, maji mazito, kikizama, mepesi. Kilizama. Dereva akaanza kucheka kwa aibu.

Mimi sikucheka. Kichupa kile nilikijua tangu kliniki ya wajawazito.

"Juba, si kipimo cha mkojo hicho?"

"Kimechemshwa."

"Juba!"

"Mkojo una uzito, bahari ina uzito. Kipimo hakichagui."

Tangu siku hiyo chai ya nyumba ile niliinywa kwa imani tu.

Safari ya tatu ilikuwa bahari kweli. Madumu yalikuja na mchanga chini na ujani mmoja wa mwani. Nesi alichovya kidole na kabla sijakataa akanipaka mdomoni. "Umesikia? Inabaki." Halafu akageukia ukutani, akakaa hivyo, na mimi nikashughulika na madumu mpaka alipomaliza kujifuta macho.

Unadhani basi samaki waliletwa? Wapi! Maji lazima yakomae, akasema. Akatia kamba mmoja aliyekufa aoze humo, eti uozo wake uzalishe vijidudu vizuri vya kusafisha maji. Wiki kwa wiki sanduku likakaa sebuleni, maji matupu, pampu inanguruma, Nesi amekaa mbele yake na kipimo cha mkojo. Watu wakawa wanakuja kuangalia, wanaangalia, wanaangaliana. Habari ikatembea mpaka ng'ambo ya mto: Nesi anafuga maji.

"Ameyapa majina?" mume wangu akaniuliza. Nilimtupia kikoi.

Wengine walimshauri kwa nia njema. Nesi, ziwani pale kuna samaki wa buluu, wa njano, wazungu wanawapakia kwenye ndege; tuma mtu na nyavu, kesho wamejaa, na maji ya bomba yatawatosha. "Sijasema nataka samaki," aliwajibu. "Nimesema nataka bahari." Nilitamani kulia. Pale ndipo nilipoelewa kwamba hatakubali kurahisishiwa, na kwamba Krismasi inakuja, na kwamba tukishindwa atapandishwa basi aende akakae kwenye ghorofa la watu, na mimi nitabaki natazama nyumba imefungwa kufuli. Kwa hiyo niliendelea kubeba.

Samaki walikuja wawili, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na hewa, kutoka kwa kijana mmoja wa Dar anayewauza. Wadogo, rangi ya chungwa, wana mikanda myeupe. Nesi alilaza humo chungu kidogo cha wafinyanzi wa Ikombe kiwe nyumba yao, wakaingia, wakageuka, wakatoa vichwa mlangoni kutuangalia. Nakiri, walipendeza. Hata mimi nilisahau mgongo wangu.

Basi watu wakaja. Mzee mmoja alivua kofia. Akina mama waliinama mbele ya kioo wakawasalimu, "Ugonile," na samaki wakafungua midomo na kufumba. "Wamejibu!" Na Nesi mlangoni kama enzi za kliniki: hakuna kugonga kioo, hakuna kutumbukiza kitu, chakula chao ni usipa, dagaa wa ziwani, mkavu uliosagwa, ncha ya kijiko, asubuhi tu, na anayewalisha ni yeye. Samaki wakilishwa zaidi, kinachobaki kinaoza, maji yanageuka sumu. "Tumbo si ghala!" Watu waliitikia ndiyo, ndiyo. Kesho yake bibi mmoja akaja na bakuli la mbalaga lililofunikwa, ndizi zimepikwa vizuri na nyama.

"Za nini?" nikamuuliza.

"Za wageni. Wametoka pwani mpaka hapa, hamjawapikia?"

Mbalaga tulikula sisi. Lakini niliona hatari iko wapi.

Umeme ukikatika pampu inanyamaza, na samaki wanaanza kuhema. Hapo tunachota maji kwa kata na kuyamwaga juu juu yachukue hewa, zamu kwa zamu, Nesi akichoka mimi, mimi nikichoka Atupele. Maharage yangu yameungua mara ngapi! Kakao yangu imenyeshewa kwenye mkeka nikiwa nachotea samaki hewa. Mwambie mtu wa mjini kwamba umepoteza kakao kwa sababu ya kuchota hewa, uone atakavyokutazama.

Kisha, mvua zilipoanza, maji yakabadilika. Yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, yakawa na harufu. Tukapunguza, tukaongeza yale ya akiba kwenye madumu. Yakakaa siku chache, yakarudia. Akiba ikaisha. Nikamtafuta dereva, msimu wa mchele ulikwisha, lori lake linabeba saruji njia nyingine kabisa. Chumvi ya kununua, bei ileile. Na Nesi anazunguka sanduku na kichupa chake, anasema uzito ni sawa, uzito ni sawa, sielewi.

Mimi nilielewa. Kuna mtu anawalisha. Nikaanza na bibi wa mbalaga, nikamwendea mpaka kwake nikamsema mbele ya wajukuu zake, akalia. Nikawasema wanakwaya. Jirani wa upande wa pili tukanuniana mpaka leo hatujaelewana vizuri. Nikahamishia kazi zangu barazani kwa Nesi, nalinda mlango, namhesabu kila anayeingia kuwa mwizi.

Mchana mmoja nikazunguka nyuma kutupa maganda ya karanga, nikapita dirishani. Nesi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekielekeza kwenye kioo, sahani ya wali magotini. Akala tonge. Akatafuna. Kisha akachukua wali kwa vidole vitatu, akainuka kidogo, akaupukutishia juu ya maji.

"Kuleni," alikuwa anasema. "Kuleni, msione haya."

Niliingia bila hodi, kama alivyokuwa akiingia yeye.

"Juba! Ni wewe?"

Hakuruka wala hakuficha sahani. Alikaa.

"Wewe! Wewe uliyenifokea nikiwa na mshono! Nimegombana na kata nzima kwa ajili yako!"

"Kidogo tu, Mama Atu."

"Kidogo gani? Maji yameoza! Unataka kwenda Dar? Sema basi kama unataka kwenda, tuache kuteseka!"

"Sitaki kwenda."

"Sasa kwa nini?"

Akawatazama. Walikuwa juu juu, wanahema, na bado wamegeuza nyuso kwetu. "Mtoto mchanga analia," akasema. "Unaweza kumziba mdomo mtu anayelia, unamwambia ngoja. Hawa hawalii. Wanaangalia tu. Mimi nakula, wao wananiangalia mdomoni. Nimekaa nao peke yangu kutwa humu ndani, Mama Atu. Nifanyeje?"

Nikachukua ile sahani, nikaenda nayo jikoni, nikaiosha kwa fujo.

Mmoja alikufa wiki hiyo. Wa pili alivumilia, tukawa tunamchotea hewa hata umeme ukiwepo, tukachanganya chumvi ya mawe niliyohangaika nayo sokoni, na kwa kweli nilianza kuamini. Alikufa siku moja kabla binti hajafika. Tulimkuta amelala mlangoni mwa chungu.

Nikapanga. Nikamwambia, juba, sikiliza, Atupele aende Matema sasa hivi. Ziwani wapo wenye rangi inayokaribiana na ile. Tumwage haya maji, tujaze ya bomba, tuwatie wawili. Binti yako ni mtu wa ofisini, atajuaje? Atasema mama umeweza, atakula Krismasi, ataondoka. Utakaa kwako.

Alifikiria. Naapa alifikiria, niliona.

"Mimi," akasema, "sijawahi kuandika uzito wa mtoto ambao mzani haukusema. Hata wale waliokuwa wanakufa. Nitaanza leo?"

"Anza! Anza leo, juba!"

"Hapana."

Nilitoka nikabamiza mlango. Nilikaa chini ya paa la jiko langu nikatukana peke yangu mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama nimeng'atwa na kitu.

Binti alifika na zawadi, mnene, mchangamfu, akatukumbatia wote. Aliliona sanduku tupu sebuleni akauliza ni la nini. Nesi akasimama wima. "Walikuwa samaki wa bahari. Wamekufa. Niliwalisha kupita kiasi, mimi mwenyewe. Kwa hiyo nitakwenda na wewe, kama tulivyokubaliana."

Binti akamtazama, akanitazama. "Tulikubaliana nini, mama? Lini?" Kisha akakumbuka, akashika mdomo. "Mama! Ile? Nilikuwa natania!"

"Mimi sikutania," Nesi akasema, akaenda kukunja nguo zake.

Nimemwona mara moja tangu hapo. Nilikwenda Dar kwenye msiba wa upande wa mume wangu, nikafikia kwa shemeji, na asubuhi ya mwisho nikapika wali wa mchele wa nyumbani, nikafunga kiasi kwenye jani la mgomba, nikaenda kumtafuta Nesi. Ghorofa ya juu. Binti alinifungulia mlango kwa furaha ya kweli, akachukua mfuko wa mchele niliomletea, kisha akanivuta pembeni.

"Dada, mama ana sukari siku hizi, imepanda vibaya. Chakula chake napima mwenyewe. Nakuomba, hata akikuomba vipi, usimpe kitu."

Nikasema sawa. Binti hakuwa na kosa. Alikuwa anafanya kilekile mama yake alichotufanyia sote.

Nesi alikuwa dirishani, amekonda, amevaa sweta katika joto lile. Alinishika mkono akakagua kucha. "Nagonile. Afadhali." Nikamuuliza bahari ameiona. Ameiona, akasema, siku alipofika. Tangu hapo foleni ni ndefu, na watu wana kazi. Akaniuliza migomba yake. Akaniuliza bibi wa mbalaga kama nimemwomba radhi. Nikamwambia bado. Akaguna.

Simu ya binti ikalia, akaingia nayo chumbani.

Jani lilikuwa kwenye mkoba wangu na wali bado una joto. Harufu ya mchele wa Kyela hujificha wapi? Nesi hakuomba. Aliuangalia tu mkoba, kisha akaniangalia mimi.

Nilijiambia tumbo si ghala. Nilijiambia sukari imepanda, umeambiwa, umekubali, mtu mzima wewe. Nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia binti, nikajikasirikia mwenyewe, na mkono wangu wakati huo ulikuwa umeshafungua jani.

Alikula kwa vidole vitatu, polepole, macho ameyafumba. Hakumaliza. Akalikunja jani na kilichobaki, akanirudishia mkobani, akafunga zipu yeye mwenyewe, akajifuta.

"Ndaga fijo," akanishukuru. "Sasa nenda, mwanangu. Ukikaa, utanipa tena."